Nahodha wangu anajuaje alipo katikati ya nyota?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi ya kubuni, chombo kinatoka kwenye Jua letu kinaenda Proxima Centauri. Nimekwama sura ya tatu. Nahodha anafungua ramani ya nyota, anachagua nyota, anabonyeza, wanaondoka. Rafiki yangu kasoma akaniambia haiwezi kuwa rahisi hivo, eti huko hamna kaskazini wala kusini. Sasa nahodha anajuaje alipo, anajuaje anakoenda, na akipotea anajipataje?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla hujaendelea, maana hadithi nyingi za anga zinaliruka hili jambo na mi naona ndo penye utamu kuliko hata vita na injini. Rafiki yako kasema kweli ila kaishia njiani. Kaskazini huko haipo lakini hilo halimsumbui nahodha yeyote, kaskazini ni makubaliano tu, mnachora mstari mnasema hapa ndo sifuri na inakuwa sifuri. Wanafalaki walishafanya hivo kitambo, mwaka 1958 umoja wao wa kimataifa ulikubaliana mfumo wa kupima galaksi yetu, Jua linakaa katikati ya vipimo na sifuri inaelekea kwenye kitovu cha galaksi, na nahodha wako anaweza kuutumia huohuo. Kinachomsumbua nahodha ni saa. Ramani aliyoifungua mbele yake ni picha ya zamani, maana mwanga wa nyota unachukua miaka kutufikia, na kila nyota humo ndani ina uzamani wake, moja inaonekana ilivyokuwa miaka minne iliyopita, nyingine miaka mia nane iliyopita, zote zimewekwa kwenye skrini moja kana kwamba ni za leo.

Hebu tuichukue hiyo Proxima yako tuikague kwa karibu, na namba hizi uzitumie ukipenda.

Proxima iko miaka ya nuru 4.24 kutoka hapa, yaani mwanga wake unatembea miaka 4.24 kutufikia, kama kilomita trilioni 40. Na haijatulia. Inahama kwa upande kama kilomita 24 kila sekunde, alafu wakati huohuo inatusogelea kama kilomita 22 kila sekunde. Tuseme chombo chako kinakwenda kwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga, na hiyo namba sijaiokota tu, ndo kasi iliyolengwa na mradi wa Breakthrough Starshot uliotangazwa 2016, wa kusukuma vyombo vidogo sana kwa leza. Kwa kasi hiyo safari ni miaka 21 na kidogo. Nahodha akielekeza pua ya chombo pale anapoiona nyota, kaelekeza mahali ilipokuwa miaka 4.24 iliyopita, na mpaka afike inapita mingine 21, jumla miaka 25 na ushee na muda wote huo nyota inatembea. Zidisha zile kilomita 24 kwa sekunde zote za miaka 25 na ushee unapata kilomita bilioni 19. Sayari ya Neptuni iko kilomita bilioni 4.5 kutoka kwenye Jua. Yaani nahodha wako wa sura ya tatu, aliyebonyeza nyota anayoiona, atafika akiwa ameikosa kwa zaidi ya mara nne ya umbali wa Neptuni na Jua, na kwa kasi aliyonayo atapitiliza tu.

Mwindaji hapigi ndege pale alipo, anapiga pale atakapokuwa. Kwahiyo kitu cha kwanza kompyuta ya chombo inachofanya sio kuchagua nyota, ni kukokotoa nyota itakuwa wapi siku ya kufika, alafu inaelekeza pua mahali ambapo kwa macho hamna kitu. Hiyo ukiiandika vizuri ni picha kali sana, abiria anachungulia mbele anauliza mbona tunaenda pembeni ya nyota, mbona mbele yetu ni giza tupu. Wanaenda sawasawa kabisa.

Hesabu hizo zinawezekana kwa sababu kuna watu wamepima. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alikuwa wa kwanza kuchapisha umbali wa nyota unaoaminika, nyota inaitwa 61 Cygni. Setilaiti ya Hipparcos miaka ya 1989 hadi 1993 ikapima kwa usahihi nyota kama laki moja na elfu 18. Alafu ikaja Gaia ya shirika la anga la Ulaya, ikarushwa Desemba 2013 ikafanya kazi hadi mwanzoni mwa 2025, imepima karibu nyota bilioni 2, mahali zilipo na zinavyohama. Kwa zile zinazong'aa usahihi wake unashangaza. Chukua digrii moja uigawe mara 3600, hicho kipande wanakiita sekunde, Gaia inapima chini ya sehemu moja ya elfu ya hicho kipande. Na usahihi huo unahitajika kwelikweli, maana ukikosea pua ya chombo kwa sekunde moja tu ya namna hiyo wakati wa kuondoka, ukifika Proxima umekosa kwa kilomita kama milioni 195, zaidi ya umbali wa Dunia na Jua. Ndo maana hakuna nahodha mwenye akili atakayeelekeza mara moja alafu akalala miaka 21, lazima arekebishe njiani, na ili urekebishe lazima ujue uko wapi. Hapo ndo tunaingia kwenye swali lako lenyewe.

Ila kabla ya kujua uko wapi kuna kujua umeangalia wapi, na watu wanachanganya sana haya mawili. Chombo kinaweza kuwa mahali sahihi kabisa huku kimegeuka kichwa chini, na injini ikiwashwa hapo inasukuma upande usiotakiwa. Hili la kuangalia wapi ni rahisi na tunalifanya tangu zamani. Mariner 4 iliyorushwa Novemba 1964 kwenda Mirihi ilikuwa inashika Jua kwa sensa moja, yaani kifaa cha kuhisi mwanga, na kwa nyingine inashika nyota ya Canopus, hiyohiyo ambayo manahodha wa majahazi waliiita Suheli. Jua na Suheli, alama mbili za pande tofauti zinatosha kabisa kujua umegeukia wapi. Lakini angalia kilichotokea, sensa ilianza kwa kushika nyota zisizo zenyewe, na hata ilipoipata Suheli ikawa inapotea, kumbe vumbi la chombo chenyewe lilikuwa linaelea karibu na linamulikwa na Jua, linang'aa kuliko nyota, sensa inashtuka inaiachia nyota inafuata vumbi. Ikabidi mainjinia watume amri kutoka Duniani kuilegeza ile sensa isishtuke kila kikipita kitu cheupe. Punje ya vumbi lake mwenyewe inamdanganya msafiri wa Mirihi! Kitu kama hicho kwenye hadithi kina nguvu kuliko kimondo kinachogonga chombo, na ni cha kweli.

Nyingine ni ya Apollo 8, Desemba 1968, wanarudi kutoka Mwezini. Jim Lovell ndo alikuwa anashughulika na urambazaji, akaingiza namba ya programu isiyo yenyewe kwenye kompyuta, na kompyuta ikaamini chombo kiko bado kwenye jukwaa la kurushia Duniani, kumbukumbu ya imeelekea wapi ikafutika. Watu watatu katikati ya Mwezi na Dunia na chombo hakijui juu ni wapi. Lovell alichofanya ni kutazama kwenye darubini, akazitafuta nyota anazozijua, Rigel na Sirius, akaziweka sawa kwa mkono, kompyuta ikarudi kwenye akili zake. Kwa macho na nyota mbili. Kwahiyo ukiniuliza nahodha wa karne zijazo afundishwe nini, afundishwe kuzitambua nyota kwa macho, mi hilo silegezi.

Kwenye safari ndefu nyota zenyewe zinaanza kuhama machoni (nakuja hapo), kwahiyo kwa mwelekeo wa uhakika unatumia vitu vilivyo mbali kupita kiasi, kwasa, yaani vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa sana, mabilioni ya miaka ya nuru. Hata utembee miaka kumi ya nuru havisogei. Leo hii mfumo rasmi wa mielekeo ya anga unaotumika tangu 2019 umejengwa juu ya kwasa 303 zilizochaguliwa kuwa nguzo. Nahodha wako akiwa na antena nzuri ana nguzo hizohizo.

Sasa uko wapi.

Leo vyombo vyetu havijijui viko wapi, vinaambiwa. Kuna antena kubwa Goldstone kule Marekani, Madrid na Canberra, zinatuma mawimbi chombo kinajibu, muda wa kwenda na kurudi unatoa umbali na mabadiliko ya mtetemo wa wimbi yanatoa kasi. Ni sahihi sana lakini ni utaratibu wa mtoto anayeshikwa mkono. Voyager 1 iliyoondoka 1977 ndo iko mbali kuliko vyote, wimbi la redio linachukua karibu siku nzima kuifikia. Ukiwa nusu ya njia ya Proxima ukauliza Duniani "niko wapi" jibu linarudi baada ya miaka minne na zaidi, tena nusu ya njia sio pale ulipo tena. Kwahiyo chombo cha kati ya nyota lazima kijitegemee, hapo usimpe nahodha wako msaada wa kituo cha nyumbani, hauna faida yoyote kwake.

Njia ya kwanza ni nyota za karibu. Ukiwa kwenye basi miti ya kando ya barabara inakimbia, mlima wa kule mbali umekaa palepale. Nyota za karibu ndo miti, za mbali ndo mlima. Ukipima mti umesogea kiasi gani mbele ya mlima unajua basi limefika wapi. Na hii imeshajaribiwa sio nadharia, Aprili 2020 chombo cha New Horizons, kile kilichopita Pluto 2015, kikiwa kilomita bilioni 7 kutoka hapa kilipiga picha ya Proxima na ya nyota nyingine inaitwa Wolf 359, na Duniani wakapiga picha za nyota hizohizo kipindi hichohicho. Ukiziweka pamoja nyota zimehama, unaona kwa macho yako kabisa bila kipimo, anga lao sio anga letu. Baadaye wataalamu wakatumia picha hizo kukokotoa chombo kiko wapi, kwa nyota mbili tu na kamera ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, wakapata jibu lenye makosa ya chini ya nusu ya umbali wa Dunia na Jua. Ni kosa kubwa kwa mtu anayetua kwenye sayari lakini kwa msafiri aliye katikati ya nyota hiyo ni sawa na kujua uko mtaa gani. Na kadri unavyokwenda mbali nyota zinahama zaidi, kwahiyo njia hii haiishiwi nguvu, sio kama zile za Duniani zinazozidi kuwa mbaya.

Njia ya pili ndo naipenda, pulsa. Mwaka 1967 Jocelyn Bell akiwa mwanafunzi pale Cambridge aliona kwenye karatasi za darubini ya redio mapigo yanayojirudia kila sekunde 1.337 bila kukosea. Ilikuwa ni maiti ya nyota kubwa, kitu kizito kupita Jua kimebanwa kuwa na upana wa kilomita 20 hivi, kinazunguka na kutupa miale kama taa ya mnara wa meli. Tangu hapo zimepatikana maelfu, na kuna zinazozunguka kwa kasi ya kutisha, moja iliyogunduliwa 1982 inazunguka mara 642 kwa sekunde. Kila moja ina mapigo yake, ni kama kila mnara wa pwani una mpigo wake wa taa, nahodha anahesabu tu anajua huu ni mnara fulani. Kama una ratiba ya mapigo yatakavyofika kwenye Jua, alafu wewe unayapokea mapema au kwa kuchelewa, hiyo tofauti ya muda ni umbali. Pulsa nne na zaidi, pande tofauti, umejipata. Ni kitu kilekile simu yako inachofanya na setilaiti, ila setilaiti zenyewe ni maiti za nyota na hakuna wa kuzizima.

Nayo imejaribiwa, Novemba 2017 kwenye kituo cha kimataifa cha anga kuna kifaa kinaitwa NICER, kwa mionzi ya eksirei kikatazama pulsa nne za haraka na ndani ya saa kama nane kikajua kilipo kwenye mzunguko wa Dunia kwa makosa yasiyozidi kilomita 16, bila kuambiwa na mtu wa chini.

Lakini usiandike kana kwamba ni kubonyeza tu, kuna ugumu na ugumu ndo hadithi yenyewe. Mapigo yote ya pulsa moja yanafanana. Ile ya mara 642 kwa sekunde, kati ya pigo na pigo mwanga unatembea kilomita 467, kwahiyo unachopata ni rula yenye mistari kila kilomita 467 ila haina namba. Unajua umekaa umbali gani baada ya mstari, hujui ni mstari wa ngapi. Ukiwa na pulsa kadhaa zenye hatua tofauti kuna mahali pamoja tu ambapo zote zinakubaliana, ila lazima uwe na makisio mazuri ya kuanzia. Mtu aliyekuwa anafuatilia safari kila siku hana shida. Mtu aliyezimiwa umeme miezi sita akaamka hana hata hayo makisio, anarudi kwanza kwenye nyota za karibu apate mtaa, alafu pulsa zimpe nyumba. Hiyo ndo sura yako ya kupotea, na ina hatua, na kila hatua inaweza kushindikana.

Ugumu mwingine ni mwendo wake mwenyewe. Ukiikimbilia pulsa kwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga mapigo yanakufikia haraka zaidi, ile ya 642 unaisikia kama 786, na ikiwa nyuma yako unaisikia kama 524. Kwahiyo kompyuta ikitafuta "642" haioni kitu, inabidi ijue kasi ya chombo ndo iitambue pulsa, na ilikuwa inaitafuta pulsa ili ijue mambo kama kasi ya chombo. Inajitoa kwa kujaribu kasi nyingi hadi pulsa zote zikubali kwa pamoja, au inasoma rangi za nyota, maana mistari ya kwenye mwanga wa nyota nayo inahama kwa kiasi hichohicho, nyota za mbele zinaelekea bluu na za nyuma nyekundu.

Na saa ya ndani nayo haiendi sawa na ya nyumbani. Kwa hiyo safari ya miaka 21 saa ya chombo itakuwa nyuma kwa kama miezi mitano. Wakati kwa kasi hiyo kila sekunde moja ni kilomita elfu 60. Nahodha anayesoma ratiba ya pulsa kwa saa ya ukutani bila kuibadilisha kwenda saa ya kwenye Jua atajiweka mahali ambapo hayupo, na hatajua, maana namba zinatoka safi tu. Ukitaka kosa la kibinadamu kwenye hadithi yako mpe hilo, mtu kachoka kasahau kubadilisha saa, hakuna kengele inayolia.

Sasa lile la nyota kuhama machoni. Mvua inanyesha wima, ukikimbia inakupiga usoni. Mwanga nao hivohivo, ukienda kwa kasi nyota zote zinasogea mbele yako, James Bradley alishaliona hili kwa kiasi kidogo sana miaka ya 1720 kwa sababu ya mwendo wa Dunia kuzunguka Jua. Kwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga nyota iliyokuwa ubavuni kabisa, digrii 90, unaiona kwenye digrii 78 na nusu. Makundinyota yote yamepinda, anayemjua Jabari, yaani Orion, atamwona Jabari aliyebanwa au kuvutwa. Ukipanda hadi nusu ya kasi ya mwanga ile ya ubavuni iko digrii 60. Inahesabika vizuri, kompyuta inalirudisha anga kama lilivyo, ila abiria wa dirishani harudishiwi.

Kama hadithi yako ina injini ya kusukuma kwa uzito uleule wa Duniani bila kukoma, nusu ya njia unaongeza kasi, nusu unapunguza, basi Proxima unafika kwa miaka mitatu na nusu ya ndani, Duniani inakuwa karibu sita, na katikati ya safari unagusa asilimia 95 ya kasi ya mwanga. Hapo nusu nzima ya anga, kila kitu kilichokuwa mbele ya mabega yako, kimekusanyika kwenye duara la digrii 18 kuzunguka pua. Na Jua letu huko nyuma mwanga wake umevutwa zaidi ya mara sita, umetoka kwenye rangi zinazoonekana, kwa macho limezimika. Mtu anageuka kuangalia nyumbani hakuna nyumbani. Alafu ukigeuza chombo kupunguza kasi, injini ndo inaangalia unakokwenda, moto wake uko kati yako na nyota unayoifuata, darubini za upande huo zinapofuka. Nusu ya pili ya safari nahodha anaendesha kwa kuangalia pembeni na nyuma. Sijaona waandishi wengi wakilitumia hili na sielewi kwanini.

Kuhusu hadithi za vyombo vya kuruka, vinavyopotea hapa vinatokea pale, hujauliza ila nitasema kidogo kwa sababu najua utaandika nyingine. Tatizo la ramani huko sio upande, ni umbali. Upande wa nyota tunaujua vizuri mno, umbali unafifia kadri nyota inavyokuwa mbali. Hata kwa usahihi wa Gaia nyota ya miaka ya nuru 3000 unaweza kubaki na mashaka ya kama miaka 60 ya nuru mbele au nyuma. Betelgeuse, nyota kubwa nyekundu ya bega la Jabari ambayo kila mtu anaijua, vipimo vyake vya umbali vimetofautiana kwa zaidi ya miaka ya nuru 100 kati ya watafiti na watafiti. Kwahiyo anayeruka kwenda mbali ataruka kwa vipande, aruke kidogo, atoe kichwa, apime upya, aruke tena, na wale waliotangulia kupima wakiwa kulekule watakuwa na ramani zenye thamani kuliko dhahabu.

Na akipotea kabisa, hajui alipo wala mwaka? Pulsa zinamtoa hata hapo. Zinapunguza kasi taratibu kwa kiasi kinachojulikana, ile ya Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, mapigo yake yanarefuka kwa nanosekunde kama 38 kwa siku, ukipima mapigo ya pulsa kadhaa leo ukalinganisha na orodha ya zamani unapata tarehe. Mwanafalaki Frank Drake alilitumia wazo hilihili kwenye ramani iliyochongwa kwa ajili ya vyombo vya Pioneer 10 na 11 miaka ya 1972 na 1973 na ikarudiwa kwenye zile Voyager, Jua katikati na mistari 14 kwenda kwa pulsa 14, kila mmoja na mapigo yake, atakayeikuta aweze kujua imetoka wapi na lini. Tahadhari moja tu, miale ya pulsa ni myembamba, ukienda mbali sana baadhi ya zile za orodha hazikumuliki tena na zinatokea nyingine ambazo huku hatujawahi kuziona. Kwa Proxima usiogope, miaka minne ya nuru ni padogo mno kwa hilo.

Mwisho nikupe kitu cha kuonesha kwamba wamefika kweli. Watakapopunguza kasi anga linanyooka, makundinyota yanarudi karibu yote kama tunavyoyaona huku, maana nyota nyingi ziko mbali. Jabari yuleyule, Rigel palepale. Ila Sirius imetoka mahali pake imekwenda kusimama karibu kabisa na Betelgeuse, nyeupe na nyekundu ubavu kwa ubavu. Alafu mwambie yule kijana wa zamu aitafute Cassiopeia, lile kundinyota la nyota tano lenye umbo la herufi W. Azihesabu. Atapata sita, mstari umeongezeka mkono mmoja, na hiyo ya sita, ya manjano kidogo inayong'aa kuliko wenzake wote watano, ndo Jua.